Barua kwa mwanangu anayeanza zamu ya usiku

Mwanangu Elibariki,

Salamu kutoka Kibosho. Mama yako anakusalimu. Tumesikia kiwanda kimekupa zamu ya usiku ya kudumu, na kwamba unataka kuchukua pikipiki ya mkopo ufanye bodaboda mchana. Ya kiwanda nimeikubali. Hiyo ya pikipiki sijaielewa. Utalala saa ngapi?

Wiki iliyopita kliniki walinifunga kipimo cha presha cha saa 24. Ni mkanda wa mkononi na kisanduku kiunoni. Kila baada ya nusu saa unajaa upepo, unakubana mpaka vidole vinakufa ganzi, kisha unaachia taratibu. Saa nane usiku ulinikuta macho. Kesho yake daktari alinionyesha mchoro. Mtu mwenye afya akilala presha yake hushuka kwa asilimia 10 hadi 20, moyo ukapumzika. Yangu haikushuka. Akaniuliza nilifanya kazi gani. Nikamwambia ulinzi wa ghala la kahawa miaka 19, na mchana shambani. Alinyamaza kwanza.

Alisema ubongoni mna saa inayofuata mwanga wa jua, na moyo nao una saa yake, hata ini, ambalo hufuata muda unaokula. Alfajiri, kabla hujaamka, mwili huanza wenyewe kupandisha presha. Ndiyo maana mshtuko wa moyo huwapata watu zaidi asubuhi, saa kumi na mbili mpaka saa sita mchana. Wewe saa hizo utakuwa barabarani na abiria mgongoni, hujafumba jicho.

Najua wewe ni mchapakazi, na nakusifia kwa watu kila Jumapili. Ila ubishi wako haujapungua. Utaniambia mbona baba uliweza. Ile siku niliyoanguka zizini niliwaambia nimeteleza kwenye samadi. Ulikuwa mwezi wa kiangazi, mwanangu, zizi lilikuwa kavu. Dawa nilikuwa nimeziacha kabatini miezi miwili.

Sasa nazinywa, muulize mama yako.

Ukitoka zamu, vaa miwani ya jua, nenda moja kwa moja nyumbani, zima simu. Kula kabla ya kuingia kazini, usishindilie ugali saa nane za usiku. Chai ya rangi na kahawa acha mapema, zisikufuate kitandani. Presha pima hata kama husikii kitu, mimi sikusikia kitu. Waliofanya kazi usiku miaka mingi huugua moyo kuliko wa mchana, na hao ni wale waliopata muda wa kulala. Wewe utalala saa ngapi? Nijibu hilo kwanza, mkopo tutauzungumza baadaye.

Ng'ombe amezaa ndama jike. Bati la jikoni bado linavuja. Ada ya mdogo wako imebaki nusu, usiifanye hiyo kuwa sababu ya pikipiki, nitauza kahawa. Zamu yetu ya maji ya mfereji iliangukia usiku, nimebadilishana na jirani kwa mkungu wa ndizi.

Mkungu mwingine, wa mshare, nimekutumia kwa basi la kesho. Ndani ya kiroba kuna lile pazia zito la sebuleni, mama yako ameling'oa mwenyewe. Litundike dirishani kabla hujaanza kazi Jumatatu.

Baba yako