Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Iringa: Vijana wa fildi walipwe

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, kamwene.

Nakuandikia kutoka kijiji kimoja karibu na Ilula, wilayani Kilolo. Ni mkulima wa nyanya na mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Ombi langu ni moja: bajeti ijayo, halmashauri zote tano za mkoa zitenge posho kwa wanafunzi wanaokuja fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, kwenye kilimo, lishe na mipango ya vijiji, na wapewe kazi ya kueleweka.

Ningeweza kumwandikia mkurugenzi wetu, ila mkataba wa lishe uko kwako. Tangu 2017 wakuu wa mikoa mnapimwa kwa mkataba huo, na kila halmashauri inatakiwa kutenga shilingi 1,000 ya mapato ya ndani kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Na unajua tulipo. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wa Iringa wa umri huo wamedumaa, wakati kitaifa ni asilimia 30. Hakuna mkoa uliotuzidi. Wanaotufuata ni Njombe na Rukwa, wakulima wa mahindi kama sisi.

Viazi vya Mufindi, mpunga wa Pawaga, mahindi ya Ismani, nyanya zetu: malori yanashuka Kitonga usiku kucha kwenda kulisha Dar es Salaam. Chakula tunacho. Kinachopotea kinapotea katikati, kati ya shamba na sahani ya mtoto, na hapo katikati hakuna mtumishi anayekaa. Afisa ugani ana vijiji vyake lukuki. Afisa lishe yuko wilayani, na pikipiki yake ina siku za mafuta na siku za kupumzika.

Wenye muda wa kukaa ni vijana wa fildi. Ikifika Julai wanateremka na mabegi yao, wengine wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, wengine wa Chuo cha Mipango Dodoma, wengine wa vyuo vya hapa hapa mjini. Wanapanga chumba, wanakula kwa mama ntilie kwa daftari la madeni, na ofisini wanatumwa fotokopi. Mwisho wa siku logibuku, daftari lao la mafunzo, inaandikwa "ameshiriki shughuli za ofisi", mhuri unagongwa, kwaheri.

Msimu uliopita tuliletewa binti mmoja anayesomea mipango. Mtendaji hakuwa na kazi ya kumpa, nikamchukua twende naye sokoni. Nyanya huku huuzwa kwa tenga. Mnunuzi anakuja na matenga yake, na hakubali mpaka lijae na kichwa kisimame juu ya mbao, ndipo lifunikwe majani na kukazwa kamba. Binti akaazima mzani duka la pembejeo, akaanza kupima. Matenga mawili yaliyouzwa bei moja, asubuhi moja, yalipishana karibu debe zima. Wakulima wote tunalijua hilo, lakini hakuna aliyewahi kuliweka kwenye karatasi.

Kutoka hapo akafuata masalo, zile nyanya zinazokataliwa, akaishia majikoni kwa akina mama. Wala hakuuliza "mnakula mlo kamili?", swali ambalo kila mtu ana jibu lake la kumfurahisha mgeni. Aliuliza mama anarudi saa ngapi kutoka shambani, na kabla ya hapo nani anamlisha mdogo. Katika nyumba kadhaa jibu lilikuwa kaka au dada wa miaka saba, na chakula ni uji wa asubuhi uliokwisha poa. Hilo halimo kwenye ripoti yoyote niliyowahi kusomewa.

Muda wake haukufika mwisho. Kodi ya chumba iliisha, akafunga begi akarudi kwao.

Mtu ataniambia Bodi ya Mikopo huwapa hela ya mafunzo kwa vitendo. Huwapa wenye mkopo, na ile ni deni: kijana anakopa ili aje kuifanyia halmashauri kazi. Asiye na mkopo anategemea mfuko wa mzazi, na mzazi mwenyewe ndiye huyu anayeuza tenga lenye kichwa. Matokeo yake, anayeweza kukaa kijijini miezi miwili ni yule ambaye kwao wana uwezo. Yule wa kwetu, anayejua Kihehe na anayejua bibi akicheka kidogo ana maana gani, anatafuta ofisi ya karibu na nyumbani kwa shangazi yake mjini.

Iringa si mgeni wa kazi hii. Mwaka 1983 ulianza hapa mpango wa lishe uliosaidiwa na UNICEF na WHO kwa fedha za Italia, katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini, kamati ikakaa na kuuliza wa fulani amepungua kwa nini, na UNICEF ilichojifunza hapa ilikipeleka nchi nyingine. Leo tuna Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji kila robo mwaka. Ni nzuri, ila takwimu zikishapanda wilayani, sisi hatuzioni tena.

Kuna na jambo la vinyungu, bustani zetu za mabondeni. Mboga ya kiangazi huku inatoka mabondeni, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 za mto. Siipingi, maji yakikauka tumekwisha sote. Lakini kinyungu kikifungwa, mboga ya mtoto mwezi wa tisa itatoka wapi? Mwanafunzi wa mipango angechora bonde lote, akahesabu kaya, akatuonyesha pa kuhamia, na mpango wa matumizi ya ardhi ukawa na kitu ndani yake.

Fedha? Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokwenda kwenye mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu isiguswe. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Ile 1,000 ya mtoto ipo, na ushuru wa mazao tunaulipa. Sisemi mshahara. Kodi, chakula na bodaboda, vilipwe kila mwezi, maana "mchakato unaendelea" mwenye nyumba haupokei. Mwaka wa fedha unaanza Julai, mwezi huohuo wanaofika. Kabla ya kuondoka, kila mmoja asome alichokikuta mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, tukitumie kupanga bajeti yetu.

Kikao chako kijacho cha kutathmini mkataba wa lishe kitawakutanisha wakurugenzi wote watano. Naomba umuulize kila mmoja: Julai iliyopita ulipokea vijana wangapi, uliwapa kazi gani, na uliwalipa nini?

Wako,
Mkulima wa nyanya, Kilolo