Shukrani kwa mama mmoja wa jumuiya yetu

Mama, najua hupendi kutajwa, kwa hiyo jina nalihifadhi. Nilipopunguzwa kazini niliacha kwenda ibadani. Wenzangu walisimama kushukuru kwa gari na kiwanja. Jina langu lilisomwa kwenye orodha ya wasiomaliza ahadi ya ujenzi. Mhubiri mgeni naye akasema ukata ni dalili ya imani haba.

Ukaja nyumbani na unga na maharage, wala hukuuliza habari za kazi. Ukafungua Luka 12, yule tajiri aliyetaka kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, tukasoma mpaka kwa kunguru wasiopanda wala kuvuna. Kesho yake ukaenda kwa mhazini, jina langu likatolewa kwenye orodha. Kisha ukanipeleka Kariakoo kwa muuza madera unayefahamiana naye, ukanidhamini nikapewa mzigo kwa mali kauli, nilipe nikishauza. Ukasimama nami juani, kwa miguu yako hiyo inayouma, tukauhesabu wote. Kanisani hukuligusia hata siku moja.

Wazee wa kanisa, orodha ile ibaki kwa mhazini. Na asiyeonekana Jumapili mpitieni kwake, msiende mikono mitupu.