Kisa "nitajitahidi", leo naitwa mwongo

Anti, shikamoo.

Sijafumba macho usiku kucha. Adhana ya alfajiri imeshatoka, nami bado nina simu mkononi. Bosi wangu Mjerumani ameniita mwongo. Mbele ya vijana ninaowafundisha kazi.

Wewe unajua, mtu hamwambii mkubwa wake "haiwezekani" kavukavu. Aliponiuliza kama mzigo wa mteja utatoka bandarini, nilisema "nitajitahidi". Aliyekulia Dar angesikia: mzigo hautoki leo. Yeye kasikia ahadi, akamhakikishia mteja. Jioni kontena liko palepale bandarini. Nikamwambia "pole", kama unavyompa pole yeyote aliyefikwa na jambo. Akaishika kuwa nimekiri kosa. Nikainamisha macho wakati anafoka; akasema naficha kitu. Heshima yote niliyofundwa imegeuzwa ushahidi.

Na si kwamba sijui kazi. Mambo ya saa nilishayamaliza: mgeni simwandikii "saa 2", namwandikia 08:00, maana asipohesabu zile saa 6 za tofauti atakuja saa nane mchana. Na Wajerumani wakisema "halb neun" ni saa mbili na nusu, si saa tatu na nusu. Hayo ni hesabu tu. Kinachonishinda ni kukataa. "Hapana" ikifika kooni inageuka "bado". Dawa naijua: taja siku, taja karatasi inayokosekana, taja nani anayo. "Leo hautoki, kibali hakijafika, nakupa jibu kesho 10:00." Kisha mwombe arudie alivyoelewa kabla hajampigia mteja. Vijana nawafundisha hivyohivyo kila siku! Lakini yeye akisimama mlangoni na kuanza na kontena, bila hata kuuliza nimeamkaje, moyo wangu unafunga. Najiambia huyu hana adabu, na kuanzia hapo sisikii tena anachosema. Labda kwao si utovu wa adabu. Labda. Lakini mimi sijawahi kumwita jina baya mbele ya watu.

Nataka aniombe radhi mbele ya walewale. Au basi, sitaki hata kumwona, barua ya kuacha kazi iko kwenye mkoba. Ila kazi naipenda, Anti.

Mwongo, mimi?

Niambie: nikiuzoesha ulimi huu kusema "hapana" ofisini, utakumbuka kunyamaza nikifika kwa mama mkwe? Maana hilo ndilo ninaloliogopa. Nijibu kabla ya Jumatatu.

Mwanao, Temeke