Pasipoti isikae mgongoni

Kwa binti yangu mpenzi Zuhura,

Baada ya salamu nyingi, sisi huku Malindi tu wazima, isipokuwa goti la bibi yako linamsumbua tangu upepo wa kusi ulipoleta baridi. Picha uliyotutumia jana tumeiona sote, na mama yako ameizungusha mtaa mzima, kwani binti yetu mwalimu anakwenda Italia kutembea kwa akiba ya mshahara wake, si kufuata kazi ya jikoni kama nilivyokwenda mimi. Nimefurahi sana. Lakini katika picha hiyo hiyo nimeona mkoba wako uko mgongoni, zipu iko wazi, na pasipoti imechomoza nje, na tangu hapo sikupata usingizi.

Mwanangu, viza imebandikwa ndani ya pasipoti hiyo. Ikipotea, vimepotea vyote viwili, na itakubidi uende polisi kuandikisha taarifa, ambayo wenyewe huiita denuncia, kisha uende ubalozi wetu ulioko Roma kuomba hati ya kurudia nyumbani, na siku zako za likizo zitaishia kwenye foleni. Iweke kifuani, ndani ya nguo, na nakala yake uiache katika sanduku.

Ukishuka uwanja wa Fiumicino, treni ya Leonardo Express itakufikisha kituo cha Termini kwa dakika 32 bila ya kusimama njiani. Hapo Termini ndipo penye njia mbili kuu za treni za chini ya ardhi: njia A, utakayoshukia Ottaviano kwa Vatican, na njia B, yenye kituo cha Colosseo, ule uwanja mkubwa wa kale wa Warumi. Ndipo pia penye wezi wa mfukoni, kama walivyo katika basi namba 64 liendalo upande wa Vatican. Hao hawanyang'anyi kwa nguvu. Mmoja atakusonga mlangoni wakati treni inapofunga milango, mwingine atakuuliza njia, na wewe utajua umeibiwa ukishafika kituo cha pili. Mkoba uwe mbele yako, umeushika kwa mkono.

Tiketi ya Colosseo huandikwa jina, na mlangoni hulilinganisha na kitambulisho, kwa hiyo andika majina yako kama yalivyo katika pasipoti, si yale ya cheti cha shule. Nilikwambia zamani uyasawazishe, hukunisikiliza. Makumbusho ya Vatican hufungwa siku za Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, na makumbusho ya picha ya Uffizi, huko Florence, hufungwa Jumatatu. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu yao kubwa, maduka mengi hufungwa, basi nunueni chakula siku ya kuamkia. Katika Kanisa la Mtakatifu Petro hawaruhusu mabega wala magoti wazi. Wewe hilo halikusumbui, lakini mchukulie mwenzako wa safari leso moja. Maji msinunue kila mara, kwani Roma ina mabomba mitaani yanayotiririka mchana na usiku, na maji yake ni ya kunywa.

Vituoni utaona Firenze na Venezia, ndizo Florence na Venice. Treni za kasi zina saa na namba ya kiti katika tiketi, lakini treni za mikoa, ukiwa na tiketi ya karatasi, lazima uigonge katika mashine kabla ya kupanda, la sivyo utalipishwa faini. Ukienda Venezia usishuke Mestre, hapo ni bara. Kaa mpaka Santa Lucia, ukitoka mlangoni utaona maji mbele yako, na mashua ya abiria ya njia ya 1 itakupitisha mfereji mkuu wote polepole. Lile sanduku kubwa uliloazima kwa shangazi yako liache, kwa sababu mji ule hauna gari na madaraja yake ni ya ngazi. Kwenye chakula sema senza maiale, yaani bila nguruwe, na uulize hata kwa mchuzi, maana mimi nimepika michuzi ile na najua kinachotiwa.

Hotelini watakuomba pasipoti, kwani sheria yao inawataka waandikishe wageni kwa polisi. Wape, usimame papo hapo, na uirudishe kifuani kabla hujapanda chumbani.

Huenda ukasema baba amezidi. Ile safari yangu ya kurudi nyumbani iliyochelewa, hata harusi ya dada yako ikafungwa akiwa ami yako ndiye walii, niliwaambia kuwa tajiri wangu ndiye aliyenizuia. Tajiri hakunizuia. Suruali niliyovaa siku ile ilikuwa na mfuko wa nyuma, na njia A ilikuwa imejaa. Mama yako nimemwambia juzi tu, usiku ule niliposhindwa kulala, na dada yako nitamwambia mwenyewe, usinitangulie.

Makuti ya banda la jiko yamechakaa na fundi anataka malipo ya mwanzo, lakini usitume kitu mpaka urudi, fedha hiyo itakufaa huko. Mama yako amekushonea kipochi cha kuvaa shingoni, amekikata katika leso yake ya zamani, na kimepanda basi la usiku huu. Kakichukue kesho asubuhi kabla hujaingia darasani, utie pasipoti ndani, ukivae, kisha unipigie simu uniambie kama kamba yake inatosha au ni fupi.

Ni mimi baba yako.