Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024, Chama chetu cha Kusomesha Mabinti, Busia, Uganda

Wazee wetu, akina mama, viongozi wa dini na ndugu wanachama wote mliofika, salaam.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Pedi zimegawiwa mihula yote mitatu, mabinti wa darasa la saba wamelipiwa masomo ya ziada kabla ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na shule tumezitembelea. Mapato pamoja na akiba ni shilingi 7,850,000, matumizi 7,610,000. Mchanganuo atausoma mweka hazina.

Nije kwenye jambo lililozua maneno hadi sokoni, yaani pesa za hema na viti. Ni kweli kamati yangu ilichukua shilingi 3,200,000 zilizotengwa kununulia hema na viti vya kukodisha, ikawarudisha shuleni mabinti 8 waliokuwa wamezaa. Imesemwa kwamba tunazawadia uzinzi. Imesemwa pia kwamba niliamua peke yangu.

Sikuamua peke yangu. Mkutano uliitishwa mara mbili. Akidi ni watu 44. Mara ya kwanza walikuja 23, mara ya pili 19. Katiba ya chama inaipa kamati mamlaka ya kuamua mikutano miwili ikikosa akidi. Orodha ya mahudhurio anayo katibu, na anayetaka aitazame aone kama jina lake limo.

Kuhusu mabinti wenyewe, tusijifanye tumesahau. Shule zetu zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022. Hakuna nchi duniani iliyofunga shule muda mrefu kuliko Uganda. Watoto wetu walishinda hapa mpakani wakichuuza, wengine wakapelekwa kazi za ndani, wengine wakapata mimba. Aliyekuwa na miaka 13 wakati ule, leo ana 17 na mtoto mgongoni.

Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2020 uko wazi: mwanafunzi mjamzito hupumzishwa mimba ikifika miezi mitatu, na anaweza kurudi mtoto wake akitimiza miezi sita. Ruhusa ipo, kinachokosekana ni karo, sare na mtu wa kubaki na mtoto. UPE, mpango wa serikali wa elimu ya msingi ya bure, ilikuja 1997, na USE, ule wa sekondari, 2007, tukashukuru, lakini kila mzazi hapa anajua kwamba chakula, sare na madaftari bado viko shingoni mwake. Pesa zikipungua, anayebakizwa nyumbani ni binti. Akiwa ameshazaa, baba hataki hata kusikia jina lake.

Mwalimu mkuu mmoja alituambia binti wa namna hiyo ataharibu wenzake. Nilikaa ofisini kwake nikamsomea mwongozo kifungu kwa kifungu hadi akampokea. Nauli ilitoka mfukoni mwangu, sikudai chama hata shilingi.

Kati ya hao 8, 7 wamemaliza mwaka. Mmoja amekatiza kwa sababu mtoto aliugua. Tunazungumza na bibi yake. Hema tunaweza kulinunua mwaka wowote. Binti wa miaka 17 akikosa shule mwaka huu, mwaka ujao utasikia ameshaozwa, hata kama Katiba ya nchi inataka miaka 18. Uamuzi ule nausimamia.

Sasa ada. Tuko wanachama 87, waliomaliza kulipa ni 31. Ni shilingi 5,000 kwa mwezi! Wapo ambao hawajalipa tangu 2022, na hao ndio wanaoongoza kudai hesabu kwenye kundi la WhatsApp. Inaniuma, kwa sababu mabinti walioomba kusaidiwa ni wengi kuliko tuliowachukua. Wale 31, Mungu awazidishie.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kupata mahali pa kulelea watoto wakati mama zao wako darasani, na kutafuta wafadhili. Hema nalo tutalitazama hali ikiruhusu. Mweka hazina ameketi mlangoni na kitabu cha risiti, na anapokea pia kwa simu.

Mwenyekiti