Kampuni ina hasara, ritani ya nini?

Salome mpenzi,

Habari za siku nyingi? Sisi hatujambo, isipokuwa Idi na mgongo wake, na hiyo unaijua. Nimechelewa kukujibu kwa sababu ulitaka jibu fupi, nami sina.

Umeuliza kwa nini makampuni hayafuati sheria ya kodi ya mapato, kisha ukajijibu mwenyewe: wizi tu. Hoja yako ina wenyewe. Wanauchumi Allingham na Sandmo waliandika mwaka 1972 kwamba mlipakodi hupima anachookoa akificha, dhidi ya uwezekano wa kukamatwa na ukubwa wa adhabu. Wapo wa hivyo, sikatai. Ila wengi ninaowaona mezani kwangu hawakuanza na nia hiyo, walianza na ukata. Kampuni imeuza kwa mkopo, mauzo yameandikwa, faida inang'aa vitabuni, benki hamna kitu. Awamu ya kodi ya makadirio, ile inayolipwa mapema kwa kukisia faida ya mwaka, nayo imefika. Mkurugenzi ana mishahara na ana kodi. Analipa mishahara, maana wafanyakazi watapiga kelele kesho na mtu wa kodi labda mwakani. "Nitalipa mwezi ujao." Faini na riba zinaanza kuzaana, na huo mwezi ujao anaogopa hata kufungua barua. Hapo ndipo asiye mwizi anapoanza kuficha.

Halafu kuna faida mbili, jambo lililompiga chenga hata Idi na shahada zake. Faida ya vitabuni siyo inayotozwa kodi. Uchakavu wa mashine mhasibu anaukokotoa kwa miaka anayodhani itatumika. Sheria ya kodi kwa kawaida inaweka viwango vyake. Mafuta ya gari linalopeleka watoto wa mkurugenzi shule yameandikwa gharama za ofisi, mkaguzi anayarudisha kwenye faida, na kampuni inaambiwa imetangaza pungufu.

Na hawa wa hasara, jamani! "Hatukupata kitu, ritani ya nini?" Kwa kawaida ritani, yaani fomu ya kutangaza mapato ya mwaka kwa mamlaka ya kodi, inadaiwa hata mwaka wa hasara, na hasara usiyoitangaza itakuwia vigumu kuitumia kupunguza faida ya mbele.

Wakubwa ni habari nyingine. Kampuni tanzu inailipa dada yake ya ng'ambo kwa kutumia jina na nembo, faida inahamia kwenye nchi ya kodi ndogo, makaratasi yote safi. Mwaka 2021 nchi zaidi ya 130 zilikubaliana kiwango cha chini cha kodi cha asilimia 15 kwa makundi ya makampuni yenye mapato ya kuanzia yuro milioni 750. Mdogo akitazama hayo anajiuliza kwa nini abanwe yeye. Inaniudhi, ila hukuniuliza.

Nirudi kwenye ukata. Mteja akilipa, fungu la kodi litengwe siku hiyo hiyo, akaunti yake peke yake. Na kama limeshaliwa, mamlaka nyingi hukubali kulipwa kidogo kidogo, mradi uende kabla hawajakufuata.

Sasa niambie ukweli: ni kampuni ya shemeji, siyo? Barua ya mamlaka ya kodi imeandikwa tarehe ngapi? Inadai ritani au inadai fedha? Pingamizi lina muda wake, wanajua? Na yule mhasibu bado yupo, au aliondoka na kompyuta? Nipigie picha ukurasa wa kwanza unitumie leo.

Wako,
Zuhura