Barua ya wazi kwa shangazi yangu: binti aliyesema ukweli asikataliwe

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia hadharani, bila kutaja jina lako wala la binti, kwa kuwa maneno uliyoyasema katika kikao cha posa ya mwanao nimeyasikia katika nyumba nyingi za huku kwetu Ulanga. Ulisema kwamba ukoo wetu hauwezi kupokea mke mwenye kifafa, na kwamba mahari isipelekwe.

Sishangazwi na hofu yako, maana sote tumelelewa nayo. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge katika miaka ya 1960, aliwakuta wagonjwa wakila peke yao katika vyombo vyao, na wengine wakiwa na makovu makubwa ya moto, kwa sababu mtu alipoangukia mekoni hakuna aliyethubutu kumgusa huku povu likimtoka. Povu lile ni mate tu. Kifafa hakiambukizwi kwa mate, kwa mkojo, kwa sahani wala kwa kulala kitanda kimoja.

Wewe, hata hivyo, ulizungumzia zaidi damu ya ukoo. Zipo aina za kifafa zinazorithiwa, lakini hata pale mzazi anapokuwa nacho, watoto wake walio wengi hawakipati. Mara nyingi chanzo ni uzazi mgumu uliomkosesha mtoto hewa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, jeraha la kichwa, au mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyofika kwenye ubongo. Na hapa kwetu Mahenge watafiti wamekihusisha pia na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana katika mito yenye maji ya kasi. Hakuna katika hayo lililo laana ya ukoo wa mtu.

Linaloniuma zaidi ni kwamba aliyetuambia habari hii ni binti mwenyewe, kabla ya mahari, wakati angeweza kunyamaza. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliweka kifafa cha kujirudia miongoni mwa sababu za kuiomba mahakama itengue ndoa, ikiwa mwenzi hakujua hali hiyo alipofunga ndoa. Mimi naona kifungu hicho kinawadhalilisha wagonjwa. Lakini hata kwa kipimo chake, binti huyu hana alichokificha. Tukimrudisha kwao kwa sababu alisema kweli, kila mama mwenye binti wa namna hiyo atajifunza kumwambia mwanawe afiche.

Na kuficha, shangazi, kunaua. Anayeficha humeza dawa kwa siri, huziruka siku ambazo wakwe wako nyumbani, na dawa za kifafa zikikatishwa ghafla mtu anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka. Zaidi ya hapo, dawa iitwayo valproate inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mwanamke anayeitumia anapaswa kuzungumza na daktari kabla ya kushika mimba ili aangalie kama anaweza kubadilishiwa. Atakwendaje kuuliza hayo, ikiwa mume na mama mkwe hawaruhusiwi kujua? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya watu wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo, na matibabu hayo yanataka mgonjwa azitumie dawa zake kila siku bila woga.

Katika kikao kijacho neno lako ndilo litakalosubiriwa, kwa kuwa wewe ndiwe mama wa bwana harusi. Nakuomba uruhusu mahari ipelekwe, na kabla ya harusi binamu yangu amsindikize mchumba wake kliniki, wamsikilize daktari pamoja. Sisi wengine wa nyumbani tujifunze la kufanya akianguka: kuondoa vitu vya moto na vyenye ncha kali karibu naye, kumlaza ubavu, kutomtia kijiko mdomoni, kutomshikilia kwa nguvu, na kumkimbiza hospitali iwapo degedege itazidi dakika tano. Hayo yote mtu anaweza kufundishwa kwa mchana mmoja, na niko tayari kuja kuyafundisha nyumbani kwako siku utakayoipanga.

Wako akupendaye,
Mtoto wa kaka yako